Jembe si fimbo! Siku watoto wa Kahama walipokula michembe

Na Mwandishi Wetu, Kahama

"MJOMBA, hivi karanga zinaota juu ya mti, si ndiyo?"

Aliyeniuliza swali hilo ni mtoto wa dada yangu. Yuko darasa la tano, ana akili zake timamu, na anaweza kukutajia wachezaji wote wa Simba na Yanga mpaka wale wanaokalia benchi. Baba yake Msukuma, mama yake Msukuma, na yeye kazaliwa hapa hapa Kahama. Tulikuwa tumekaa barazani jioni tunatafuna karanga za kukaanga, zile za kununua kwenye karatasi, ndipo akanirushia swali lake.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu kicheko kikanikauka ghafla. Nikajiuliza, hivi hapa wa kuchekwa ni nani? Ni huyu mtoto, au ni sisi wazee wake?

Maana, mpenzi msomaji, Kahama si Kariakoo. Ukitoka mjini na baiskeli, kabla jasho halijakukolea umeshafika kwenye majaruba ya mpunga. Mchele wa huku unapakiwa kwenye malori kwenda mikoa mingine na nchi jirani. Lakini mtoto anayelala kilometa chache tu kutoka shamba la karanga anadhani karanga ni maembe!

Nikamsimulia dada yangu, ambaye ni mwalimu kwenye shule anayosoma mtoto huyo huyo. Nilidhani atacheka. Wapi! Akanitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Kaka, huyo ana nafuu. Njoo siku moja darasani kwangu ujionee."

Nikaenda. Mwalimu akauliza, "Maziwa yanatoka wapi?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Dukaniii!" Akauliza tena, "Na kabla ya dukani?" Kimya. Mwishowe kijana mmoja wa nyuma akanyoosha kidole: "Kwenye gari, mwalimu."

Ndivyo safari yetu ilivyozaliwa.

PESA YA DHAHABU HAIULIZI

Kabla hujawalaumu watoto, hebu iangalie miji yetu hii. Kuanzia Kahama hadi Geita sisi ni watu wa dhahabu. Kuna migodi mikubwa: Bulyanhulu huku kwetu, na ule wa Geita ulioanza kazi mwaka 2000. Kuna na machimbo madogo yasiyo na idadi, yenye maduara, mialo na makarasha yake. Ikitokea "rashi" mahali, yaani ikivuma kwamba dhahabu imeonekana, watu wanahama usiku na magodoro kichwani. Baada ya wiki chache pori limekuwa mji, wenye gesti, baa na mama lishe.

Mji wa namna hiyo haulimi. Unakula. Aliyepata ananunua chipsi mayai, wali kuku, soda ya baridi. Aliyekosa anakopa. Hakuna anayeuliza mpunga ule umelimwa na nani, wala mkulima yule kalipwa shilingi ngapi. Mtoto anakua akiona chakula kinaifuata pesa, na pesa inatoka kwenye shimo. Sasa jembe alipende kwa lipi?

Na tusidanganyane, dhahabu ina mwisho. Mgodi wa Buzwagi, hapo hapo Kahama, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009. Mwaka 2021 ukasimama. Miaka 12 tu! Mtoto aliyezaliwa wakati mgodi unafunguliwa alikuwa bado yuko shule ya msingi ulipofungwa. Ardhi aliyolima babu yangu mzaa mama, mpaka leo mjomba wangu anailima.

BABA ALIYELIKIMBIA JEMBE

Dada yangu akaitisha kikao cha wazazi. Wazo lilikuwa hili: mavuno yakishaingia, darasa la tano lipande gari, liende siku moja shambani kwa mjomba wetu, upande wa Shinyanga Vijijini, mwendo wa kama saa moja na nusu. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada, na michango ya lazima imekatazwa. Kwa hiyo mwalimu alisema wazi: anayetaka achangie shilingi 7,000 za gari, asiyenazo mtoto wake atapanda vilevile.

Baba mmoja akasimama. Mchimbaji, mrefu, kofia mkononi. "Mwalimu," akasema, "mimi nimemleta mwanangu asome. Wewe unataka kumpeleka kulima? Mimi jembe nililikimbia, ndiyo maana unaniona hapa mjini!"

Wazazi wakacheka. Wengine wakapiga makofi.

Usinione mnafiki, msomaji, lakini moyoni nilimpa haki yake yule bwana. Shule niliyosoma mimi, ambayo jina lake nitalimeza, jembe lilikuwa ndugu wa kiboko. Ukichelewa namba, unapimiwa hatua ishirini ulime. Ukisikika unaongea Kisukuma, jembe. Ukikosa hesabu, jembe. Tulipalilia pamba ya shule kwenye jua la saa saba, ikavunwa, ikauzwa, na sisi hatukuonja hata peremende. Mtu aliyesoma hivyo, ukimwambia kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, anaukumbuka mgongo wake mwenyewe ulivyokuwa unauma!

Na sivyo ilivyokusudiwa. Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, ni kweli alitaka shule ziwe na mashamba. Lakini alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki kupanga kazi zake na kuamua juu ya mapato yake. Shule nyingi zililichukua jembe, elimu zikaiacha njiani. Leo tunashangaa vijana wanakimbilia maduara. Tuliwafundisha wenyewe kwamba shamba ni mahali pa kupelekwa mkosaji.

Kikao kilimalizika kwa masharti mawili ya yule yule baba: watoto wasilimishwe kama vibarua, na watakachochimba wakile wao. Bila kujua, bwana yule alikuwa ametupangia ratiba nzuri kuliko ya kwetu.

KITI CHA ALHAMISI

Kumbe alikuwa na sababu. Mwanawe ndiye mtoto ambaye dada yangu alitaka aende kuliko wote.

Walikuwa wamehamia mwaka ule kutoka Geita. Kijana wa miaka 12, mpole, mwenye viganja vigumu kama vya mtu mzima. Kila Alhamisi kiti chake kilikuwa wazi. Kule Geita alikuwa akifuatana na wakubwa kuokota magwangala, yale mawe ya mabaki yanayotoka mgodini, ambayo watu huyaponda wakitafuta chembe zilizosalia. Hapa Kahama alikuwa ameshapata karasha la kwenda kushinda, na siku ya kazi nyingi ilikuwa Alhamisi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi za hatari, na machimbo yamo. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya watoto kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya: watoto wanaoshuka mashimoni, wanaobeba mizigo kuwazidi, wanaoshika zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki si mchezo. Inaharibu ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto huumia zaidi kwa sababu mwili wake bado unajengeka.

Kwa hiyo sheria ipo, ripoti ipo, na kiti cha Alhamisi kiko wazi.

Dada yangu hakuwa na ndoto kubwa. "Nataka tu," aliniambia, "aone kwamba kuna shimo jingine mtu anaweza kuchimba akapata kitu."

"MWANGALUKA!"

Tuliondoka Kahama alfajiri ya Julai, kiangazi kimekolea, baridi ya asubuhi inakata masikio. Coaster moja, watoto 38 wamebanana watatu watatu, walimu wawili na mimi. Ndani ni nyimbo, biskuti na soda. Kabla hatujamaliza nusu ya safari wawili walikuwa wameshatapika. Dereva alininunia mpaka tunafika.

Mjomba alitupokea langoni mwa boma, kavaa kofia yake na koti la zamani. Watoto wakapiga kelele, "Shikamoo babuuu!" Akajibu marahaba. Halafu akasema, "Sasa na mimi nawasalimu. Mwangaluka!"

Kimya. Watoto wa Kisukuma wakaanza kutazamana. Mara sauti nyembamba ikatoka nyuma: "Mhola!" Alikuwa binti mmoja wa Kichaga, aliyejifunzia kwa dada wa kazi wa nyumbani kwao. Mjomba alicheka hadi kofia ikaanguka. Akamshika mkono, akamfanya mkuu wa msafara kwa siku nzima.

Akaanza na udongo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa najua kitu. Alitutembeza kutoka mwinukoni kushuka bondeni, kila hatua kadhaa anasimama, anachota udongo na kuwawekea watoto viganjani. Huku juu, mchanga mwepesi: luseni. Hapa pa viazi, karanga na mihogo, maana jembe linaingia bila ugomvi na maji hayatuami. Chini kidogo, tambarare: itogolo. Hapa ndipo wanapokinga maji ya mvua kwa matuta, wakapata majaruba ya mpunga. Chini kabisa, udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka: mbuga. Hapa pana dengu, ambazo huota na kukomaa kwa unyevu uliobaki ardhini baada ya mvua kwisha.

"Mwenye shamba la aina moja tu ya udongo ni maskini," mjomba akasema. "Mwaka wa mvua nyingi, viazi vya juu vinakuokoa. Mwaka wa mvua chache, mpunga unakataa lakini mtama unakubali."

Majina hayo si ya kubuni jana. Wataalamu wa kilimo wa enzi za Mwingereza waliyakuta, wakaona yana akili, wakayaandika kwenye vitabu vyao. Watoto wetu hawayasikii shuleni.

KARANGA NA VIAZI

Zamu ya mtoto wa dada yangu ikafika. Karanga za mjomba zilikuwa zimeng'olewa zamani, lakini alikuwa ameacha mstari mmoja kwa ajili yetu na jana yake akaumwagia maji ulainike. Akamwambia mpwa wangu, "Vuta."

Akavuta. Shina likatoka na udongo wake, chini linaning'inia karanga kama hereni. Mtoto akabaki mdomo wazi. Akanigeukia, "Mjomba, mbona hukuniambia?" Wenzake hoi kwa kicheko.

Lakini mzee akamtetea. "Msimcheke," akasema. "Ua la karanga linachanua juu, kwenye mwanga, kama maua mengine. Likishashika mbegu linashusha kikonyo, kinajichimbia chini, na karanga inakulia gizani. Kwa hiyo huyu alipata nusu." Ningekuwa mwalimu ningempa mzee yule chaki siku hiyo hiyo.

Tukaenda kwenye viazi. Mjomba alitoa majembe madogo matano na kusema kwa kupokezana. Nikajitia kimbelembele kwa ajili ya picha. Pigo la kwanza nikakata kiazi katikati. La pili nikakata kingine. La tatu nikanyang'anywa jembe na mke wa mjomba, ambaye watoto walikuwa wameshamzoea kama bibi yao. "Baba, wewe nenda kaandike," akaniambia. Lengelenge la kiganjani nilirudi nalo Kahama.

Kijana wa magwangala alikuwa amejitenga pembeni. Bibi akampa jembe bila kumuuliza kitu. Akalitazama kidogo, akapiga magoti, akaanza kulikwangua tuta kutoka ubavuni, taratibu, akifukua udongo kwa mkono na kuusikiliza kama mtu anayetafuta mshipa wa dhahabu. Alitoa viazi saba vizima, kimoja hakina hata mkwaruzo.

Mjomba akasimama. "Huyu kafundishwa na nani kuchimba?"

Kijana akainamisha kichwa. Sisi tuliojua tukanyamaza. Kisha akauliza yeye, kwa sauti ya chini, "Babu, kule kwetu dhahabu ikiisha watu wanahama. Hapa viazi vikiisha mnahamia wapi?"

Mzee hakucheka. Alikata kipande cha shina la viazi, urefu wa mkono mpaka kiwiko, akamwonyesha vifundo vyake. "Haya ni marando. Kila kifundo ni mzizi unaosubiri. Nikichimba viazi, marando nayapanda pale bondeni karibu na kisima, yanavuka nayo kiangazi. Mvua ikianza nayarudisha juu. Shimo lako linakula mawe halirudishi. Hili langu linarudisha."

UGALI MWEUSI

Saa saba kasoro tukaitwa kula, na hapo pakazuka kizaazaa. Kwanza ugali wa mtama. "Mwalimu, huu ugali umeungua!" Pili nsansa, yale majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa, yakapikwa kwa karanga zilizotwangwa. Tatu mlenda, ambao mtoto mmoja alipouona unavutika alikimbilia nyuma ya zizi. Ilipofika michembe na maziwa ya mgando, nusu ya darasa ilikuwa inadai biskuti zilizobaki kwenye gari.

Bibi hakubembeleza mtu. Alikaa nao chini, akawaonyesha michembe inavyotengenezwa: viazi vibichi vinamenywa, vinanyauka kidogo, vinakatwa vipande vyembamba, vinaanikwa juani siku kadhaa mpaka vikauke kau. Matobolwa ni ndugu yake, ila vile vinachemshwa kwanza ndipo vinakatwa na kuanikwa. Ukivihifadhi pakavu vinakaa miezi na miezi, wakati kiazi kibichi hakimalizi hata wiki chache. Akawachungulisha kwenye kihenge, ghala lile la fito lililokandikwa udongo na kuinuliwa juu ya mawe panya na unyevu visifike.

Mjomba naye akawaambia habari za njaa. Miaka ya katikati ya 1970, mvua ilipokataa. Tena miaka ya 1980, walipokuwa wakila mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani, ambayo wananchi waliyabatiza "Yanga" kwa rangi yake. "Simba na Yanga wote tulikula Yanga," akasema, na hapo watoto wakamwelewa vizuri kuliko mwalimu yeyote wa historia. "Lakini aliyekuwa na michembe kwenye kihenge hakupanga foleni."

Yule kijana ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Akachukua kipande cha mchembe, akakitafuna, akachukua kingine. Binti wa Kichaga akafuata. Mwisho sinia lilirudi jikoni jeupe. Waliogombewa zaidi ni viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, ambavyo marando yake yalisambazwa sana Kanda ya Ziwa kati ya 2009 na 2012 katika mradi ulioitwa Marando Bora. Watoto hawakujali vitamini. Walivipendea utamu na rangi.

Kabla ya kuondoka tulipita kwenye ngitili ya mjomba, malisho yaliyofungwa tangu mvua zinaanza na sasa yamefunguliwa ng'ombe wale wakati wa kiangazi. Vijana wa leo hawajui kwamba Shinyanga iliwahi kukaribia kuwa jangwa, na kwamba kuanzia mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliwahimiza watu kuirudia desturi hii ya wazee, mamia ya maelfu ya hekta yakaota miti tena. Tuliokota ukwaju chini ya mti. Mtoto mmoja akasema, "Kumbe huu wa bure!" Ndama mmoja akamkimbiza mwalimu wa hesabu. Siku ikakamilika.

Langoni watoto wote 38 walisema "Wabeja!" bila kufundishwa tena. Na yule kijana alipanda gari na fungu la marando kwapani.

WEWE MZAZI, WEWE MWALIMU

Najua kuna atakayesema, hizo ni starehe za shule zenye pesa. Si kweli. Wenzetu Marekani wameufanya mwezi Oktoba, wakati wa mavuno yao, kuwa mwezi wa kuunganisha shule na mashamba, na Bunge lao liliutambua mwaka 2010. Watoto wanapelekwa kuchuma matofaa na maboga. Sisi mavuno yetu ni Mei hadi Julai, na karibu kila mwalimu ana mjomba mwenye shamba. Tunachokosa si pesa sana. Ni heshima kwa huyo mjomba.

Ukitaka kujaribu, nakupa machache niliyojifunza kwa lengelenge langu:

Nenda wakati wa mavuno, usiende wakati wa palizi. Mtoto aonje raha kwanza, taabu ataijua tu.

Watoto wale walichokichimba, pale pale. Shamba lisilolisha ni adhabu.

Mkulima ndiye mwalimu wa siku hiyo. Mpe nafasi aongee, na msimwachie gharama. Sisi tulimpelekea mjomba sukari, sabuni na kilo kumi za chumvi ya ng'ombe, akafurahi kuliko tungempa hela.

Angalia maji na mahali. Usiwapeleke watoto kwenye mashamba au visima vilivyo jirani na wanakosafishia dhahabu kwa zebaki.

Na ukirudi shuleni, jembe litolewe kwenye orodha ya adhabu. Huwezi kumpeleka mtoto Jumamosi akalipende shamba, Jumatatu ukampiga nalo. Shule yenye bustani ya viazi na mboga za kuongeza kwenye uji wa watoto wenyewe haihitaji kiboko kuipalilia.

Nane Nane tunakwenda kila Agosti, ni vizuri. Lakini pale mtoto anatazama kipando kwa mbali na kununua aiskrimu. Mkono haushiki udongo.

NA YULE KIJANA?

Ningependa nikuambie aliacha karasha siku ile ile. Sitakudanganya. Alhamisi iliyofuata kiti kilikuwa wazi kama kawaida, na dada yangu alinipigia simu sauti imemwishia.

Ila Ijumaa alikuja mapema, kabla ya kengele. Alikuwa amechimba tuta dogo nyuma ya bomba la shule, mahali maji yanapomwagika, akapanda marando yake. Mwalimu hakumtuma. Kila asubuhi alipita kuyaangalia. Mwezi wa nane Alhamisi mbili alikuwepo darasani. Unaweza kusema mbili ni chache. Dada yangu alizihesabu kama dhahabu.

Siku moja baba yake alikuja shuleni akitaka kuona huo "mgodi" ambao mtoto hauachi kuuongelea. Akachuchumaa, akafunua majani, akagusa udongo. Kwa muda mrefu hakusema kitu. Mwishowe akasema, "Mama yangu alikuwa anayapanda hivi hivi," akaondoka.

Mwezi wa tisa ikavuma rashi upande wa Geita, na familia ikahama. Ndivyo maisha ya machimbo yalivyo. Jioni ile kijana alipita kumuaga mwalimu wake. Alikata marando kwenye tuta lake, nusu akawaachia wenzake, nusu akayafunga kwenye gazeti alilolilowesha maji. Sikumuuliza dada yangu kama gazeti hilo lilikuwa letu. Kama lilikuwa letu, basi siku hiyo lilifanya kazi ya maana kuliko zote lilizowahi kufanya.

Tuta la shule linaendelea kuchimbwa, na darasa la tano la sasa limelirithi. Mpwa wangu ndiye fundi wao mkuu, na kila akila karanga lazima aniulize zimetoka luseni ya nani.

Sasa na wewe msomaji, leo jioni mkikaa kula, muulize mwanao kile kilichomo kwenye sahani kimeota wapi. Akishindwa kujibu usimcheke, kama nilivyofanya mimi. Mtafutie mjomba.